Kolore na Kolera

Asubuhi, jua likiwa bado chini juu ya ziwa, Syntiche alikuwa anakaa juu ya tofali, pale wamama wa avenyi yao, mtaa wao, wanapochota maji, na chupa ya kolore katikati ya miguu. Kazi yake ilikuwa fupi. Mama anatua bidon ya njano, anafungua kifuniko, Syntiche anavuta dawa kwa seringi isiyo na sindano, anaitia mu mudomo wa bidon, anasema, "Iache ipumzike kidogo, kisha njo munywe." Walimwita Doktere wa Bidon, na alikuwa anaitika.

Kolore njo dawa ya kuua kolera iliyo ndani ya maji. Majina yale mawili yanafanana kama mapacha, na hakuna muntu aliyekuwa ameona ubaya ndani yake.

Kisha odio ikaingia mu telefone za watu. Ilikuwa sauti ya mwanaume mwenye koo nzito. Alikohoa kwanza, halafu akasema: "Ndugu zangu, mimi niko ndani yao, ninajua. Wale wanaokaa na chupa pembeni ya ziwa wanatia kolera mu bidon zenu. Tuma odio hii kwa watu kumi. Ukiikalia, kilio kitaingia mu nyumba yako mbele ya siku ya Mungu ya juma hili."

Syntiche aliisikiliza mpaka mwisho, akairudilia. Alishuku kwamba muntu alisikia neno kolore vibaya, ao alilisikia vizuri na akachagua lingine. Hakuituma.

Mangaribi jirani yao, Mama Thérèse, alisimama kwenye lupango, ua wa nyumba yao, kusalimia. Alikohoa, akasema, "Mumeshindaje?" kwa sauti ile ya mwanaume. Syntiche akajibu kwamba wameshinda muzuri. Kesho yake Bertin wa pikipiki alikuwa nayo, na muke wake, na yule anayeuza mikate. Kila aliyetuma odio aliamka na sauti ya odio. Siku ya Mungu, mu kanisa, korali iliimba yote kwa besi, hata wa soprano, na walikohoa pamoja mbele ya kila ubeti. Mukubwa wa korali alisema hawajawahi kuingia sawasawa namna ile.

Syntiche aliishi mu parseli moja, kiwanja kimoja, na yaya yake, dada yake mukubwa, Laurette. Laurette alikuwa na mutoto mumoja tu, Gisèle, aliyemupata kiisha kungojea mpaka watu waliacha kumuuliza. Asubuhi moja Laurette alikohoa mbele ya kuomba chumvi.

"Yaya, na wewe umetuma?"

"Nimetuma."

"Lakini mimi njo ninatia ile dawa! Kila siku unaniona."

"Njo maana nimetuma haraka. Sikia, mudogo wangu. Kama ni uongo, nimepoteza nini? Mega kidogo za telefone. Kama ni kweli, mutoto wangu amepona."

"Na kama umetuma uongo?"

"Basi ni uongo wa yule aliyenitumia."

Tangu pale Laurette alikwenda kuchota mbali na tofali, kule ukingoni vijana wanapooshea pikipiki, maji yasiyotiwa kitu. Bidon aliificha chini ya kitanda chake, na kifuniko alikifunga kwa kamba yenye fundo analolijua yeye peke yake. Syntiche aliliona lile fundo. Aliona pia kwamba kila akiingia ndani, yaya yake alikuwa anaangalia mikono yake.

Basi akaanza kuulizauliza, polepole, kama muntu anayechambua mchele. Laurette alitumiwa na Mama Thérèse. Mama Thérèse alitumiwa na Bertin. Bertin alitumiwa na binamu yake wa Nyunzu. Walimupigia binamu, naye akakohoa kule Nyunzu, akasema ameipata kwa Laurette, wa kwenu huko huko Kalemie. Syntiche aliuliza tena kwa kuanzia nyuma, akafika palepale. Hakuna aliyeanza.

"Kama haina mwenyewe, basi imetoka kwa Mungu," Bertin akasema.

Pembeni ya ziwa, wamama waliacha kutua bidon. Walikuwa wanapita mbali na tofali.

"Doktere wa Bidon! Kohoa kidogo tusikie!"

"Mbona wewe sauti yako ingali ileile?"

"Sikutuma," Syntiche akasema.

"Eeh! Muntu asiyeogopa kilio, yeye anajua kinakotoka."

Walicheka, na kicheko kilikuwa kimoja.

Mukubwa wake wa kazi, Papa Zacharie, alikuja na megafone kuwafundisha watu. "Wandugu, hii ni kolore, si kolera!" Lakini naye alikuwa ametuma, kwa usalama tu, alisema, na megafone ikatoa sauti ya odio. Watu wakasikia neno walilokwisha kulijua, kolera. Wakamushukuru, wakaenda.

Gisèle alianza kuharisha mchana, maji meupe kama ya kuoshea mchele. Mbele ya mangaribi macho yalikuwa yameingia ndani, na ngozi ya tumbo ukiifinya ilibaki imesimama. Bertin aliwapeleka kwa pikipiki, bila kuomba kitu. Kule kwenye kituo cha afya muuguzi, Mama Hélène, alikohoa, akapata mushipa mara moja, akatundika serumu ya kumurudishia maji mwilini.

"Alikunywa maji ya wapi?"

"Ya ziwa," Laurette akasema. "Lakini safi, hawakutia kitu."

Walikuwa wanaongea kwa sauti ileile, ikawa kama muntu anajiuliza na kujijibu.

"Hata wewe, Mama Hélène?" Syntiche akauliza.

"Nina watoto, mudogo wangu."

Laurette alikuwa amefungua telefone. Alipitia majina ya wale aliowatumia, akaona mumoja kati ya kumi hakuipata, telefone ya yule ilikuwa imezimwa. Alikamata kidole cha Gisèle, akakibonyeza juu ya jina lingine, odio ikaenda. Juu yao serumu ilidondoka tone kwa tone.

Kesho yake Gisèle alifungua macho, akakohoa, akaomba uji kwa koo nzito. Laurette alilia kwa furaha. Kwenye kitanda cha pili mutoto wa Papa Adalbert wa avenyi yao alikuwa amekufa. Walisema baba yake alituma kwa watu tisa. Mwenyewe alikubali: mega zilimuishia. Kwenye kilio hakuna aliyemulaumu usoni.

"Umeona?" Laurette akasema, wakirudi nyumbani. "Bila wale kumi, leo tungelala chini, tukiwa na kilio."

"Ni serumu, yaya."

"Serumu, hata yule mwingine walimutundikia."

Walipofika mulangoni, Syntiche alichukua chupa yake ya kolore.

Alirudi kwenye tofali. Asubuhi moja Gisèle alishuka peke yake na kopo la plastiki, akasimama mbele yake.

"Mama mudogo," akasema kwa ile sauti ya mwanaume, "kunywa wewe kwanza."

Syntiche alichota mu bidon iliyokwisha kupumzika, akanywa kopo lote. Mutoto alikuwa anaangalia koo lake, namna maji yanavyoshuka. Syntiche alipolijaza tena kopo, mutoto akanyoosha mikono miwili kwa heshima, akapokea sehemu yake, akainusa, akaimwaga muchangani. Halafu akaenda kwa kufuata ukingo wa ziwa, kule Laurette alipokuwa amesimama ndani ya maji mpaka magotini, akijaza bidon.