Wageni wa Baba Stanislaus

Digna aliujua mpunga kwa meno. Angeokota punje, aing'ate, na kabla mkulima hajamaliza kujisifu, yeye alikwishajua kama umekauka au bado una unyevu. Ndiyo maana Mzee Yasser Mwinyimvua, mwenye kampuni ndogo ya mashine moja ya kukoboa pale Ifakara, alimwamini kuliko mizani yake. Meno yale hayakumdanganya hata siku moja. Macho ndiyo yaliyomdanganya, tena kwa ridhaa yake mwenyewe.

Mpunga ulioushinda mwingine wote ulitoka kwa Stanislaus, upande wa Malinyi, katika shamba lililozungukwa na mikono miwili ya mto. Stanislaus alikuwa baba yake wa ubatizo. Kila msimu Digna alifika pale kununua, akawakuta watu saba au wanane wakivuna, na kila msimu aliuliza lile lile.

"Baba, vibarua hawa umewapata wapi?"

"Vibarua? Hawa ni wageni wangu."

"Kumbe! Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe."

Wakacheka, baba na mwana. Utani ule walikuwa nao miaka sita, na ulikuwa haujachuja.

Mwezi wa sita mwaka 1996, Digna alikuwa ameinamia gunia, punje mdomoni, mwanamke aliyeshika mdomo wa gunia lile akamnong'oneza.

"Dada, huu mwezi wa ngapi?"

"Wa sita. Kwani vipi?"

Mwanamke akashusha pumzi. Jina lake Gladness, kwao Uchindile. "Basi miaka miwili imepita. Mama yangu ameshaniwekea matanga."

"Si uende ukamwone?"

Gladness alielekeza mdomo wake kule majini. Mtumbwi ulikuwa mmoja tu, umefungwa mnyororo kwenye mti, na kwenye mnyororo kuna kufuli. Digna akageuka kumtazama baba yake wa ubatizo. Ufunguo ulining'inia kifuani kwake, kamba moja na rozari. Miaka sita alikuwa akiiona rozari tu.

"Mtoni kuna mamba," Gladness alisema. "Na nguo zetu za kutokea amezifungia sandukuni, eti anatutunzia."

"Amewakataza kuondoka?"

"Hajatukataza, dada. Tukimwomba anasema mgeni haagi wakati wa mavuno. Mavuno yakiisha, kuna kulima. Tukilima, kuna kuamia ndege."

Siku ile Stanislaus alimvusha Digna na magunia yake hadi kwenye lori lililongoja ng'ambo, naye akaondoka. Si kwamba hakuona aibu. Aliiona, ila hakujua aishike wapi. Alivuka kivuko hadi Ifakara bila kumsemesha dereva, na ile punje bado alikuwa nayo shavuni.

Alipofika alimweleza Mzee Yasser yote. Mzee alizima mashine mchana kweupe, kitu ambacho hakukifanya hata siku ya msiba wa mkewe.

"Bibi yangu alizaliwa kwenye nyumba ya bwana mmoja kule pwani," alisema. "Nyumba ile, ukiuliza, haikuwa na mtumwa hata mmoja. Walikuwa na watoto wa nyumbani tu. Ndivyo alivyoitwa mpaka nywele zikawa nyeupe, mtoto wa nyumbani."

Akapangusa vumbi la pumba usoni.

"Kuanzia leo gunia halitaingia hapa peke yake. Litakuja na aliyelivuna. Atakula hapa, atapumzika, atasema kwa kinywa chake anarudi shambani au anakwenda kwao. Na ujira wake utatoka hapa hapa, mkononi mwake. Kwa Stanislaus na kwa wakulima wote."

"Mzee, watauza kwa wengine. Bila mpunga wa Baba Stanislaus mashine italala mpaka mwakani."

"Ilale. Lakini wa kwenda kumwambia ni wewe. Baba yako yule, si wangu."

Digna alirudi kwa Stanislaus baada ya siku tatu. Mpunga ulikuwa umeanikwa juu ya majamvi, mawingu yamejikusanya upande wa milima ya Udzungwa. Stanislaus alimpokea kwa furaha, maana tangu watoto wake wahamie Dar es Salaam, Digna ndiye aliyebaki wa kumwamkia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Pakieni haraka, mvua hiyo."

"Sitapakia, baba. Leo nimekuja kuwasindikiza wageni wako."

Mzee akacheka, akingojea mwisho wa utani. Mwisho haukuja.

"Mgeni husindikizwa," Digna aliendelea. "Miaka yote hii sijaona hata mmoja akisindikizwa. Mpunga na waliouvuna watavuka pamoja. La sivyo hatununui."

"Mimi? Mimi niliyekushika siku ya ubatizo wako? Watu hawa nawalisha, nasali nao! Wakiondoka nitabaki na nani hapa?"

Hapo ndipo Digna alipomwonea huruma, na huruma ile nusura imwangushe. Mzee alikuwa mpweke kweli. Lakini watu wanane hawawezi kuwa dawa ya upweke wa mmoja.

"Wafungulie kwanza, baba. Wanaokupenda watarudi."

Digna akaketi juu ya jamvi. Wavunaji waliacha miundu yao, wakasimama wanatazama. Matone ya kwanza yalipoanza kugonga mpunga, Stanislaus alivua kamba shingoni, rozari na ufunguo pamoja, akamtupia mapajani.

Walichukua nguo zao sandukuni, na wote wanane wakavuka. Walikula ubwabwa mashineni kwa Mzee Yasser, wakalipwa ujira wao, wakaulizwa mmoja mmoja. Hakuna aliyesema anarudi.

Asubuhi ya treni Digna alimsindikiza Gladness mpaka stesheni. Treni ikaja, watu wakagombania milango, Gladness akabaki amesimama na gauni lake la kanisani lililonuka sanduku.

"Panda," Digna alisema.

"Niende?"

"Usiniulize mimi, mdogo wangu. Unakwenda kwenu." Kisha akaongeza, "Unisamehe nilivyochelewa. Laiti ungeniambia siku ile ile uliyofika."

Gladness akamtazama bila hasira.

"Nilikuambia, dada. Mwaka juzi. Nilikuja nikakukuta na baba mnacheka ule utani wenu wa jembe, nikakuambia nataka kwetu. Ukanigeukia ukasema, 'Na huyu mgeni naye amepewa lake?'"

Akapanda. Digna alibaki amesimama pale mpaka treni ikaisha yote.