Stata ya Bi Sheikha

Wiki haikatiki bila Bi Sheikha kupiga simu. Stata ya boti yake, ile mota ya kuwashia injini, imekwama tena, fundi aje tafadhali. Na Munga, ambaye wateja wengine wa Mtongwe humtafuta mpaka wakachoka, akisikia hivyo huiacha chai kikombeni. Tena huoga kwanza! Hebu niambieni, ni fundi gani huoga na kunyoa ndevu ili aende akajipake grisi?

Mkewe, Kafedha, aliyaona yote hayo akiwa ameinamia cherehani barazani, roho ikimuuma. Bi Sheikha alikuwa mjane wa watu wenye nacho, mzuri, mwenye sauti ya taratibu na udi unaofika kabla yake. Boti aliyoachiwa na marehemu ilipeleka wageni matembezi. Kafedha akijitazama aliona nyuzi kwenye nywele na vidole vilivyotobolewa na sindano. Akaamua moyoni kwamba hakuna stata inayougua hivyo. Mwanamke yule anaiharibu makusudi ili aletewe mume wa watu.

Siku Munga alipokwenda Changamwe kutafuta vipuri, Kafedha alijifunga kibwebwe, akatia kikapu chake cha ushonaji mkononi asije mtu akamwuliza aendako, akateremka ufukoni. Njia nzima alikuwa akipanga matusi, akianza na lile zito zaidi.

Matusi hayakupata nafasi. Bi Sheikha, aliyekuwa pale na nahodha wake, mzee Obeid, alimpokea kwa furaha, akamwuliza hali ya binti yake Kadzo, akammiminia kahawa. Kisha akaanza kulalamika mwenyewe. Wageni wanamkimbia, wanamwona tapeli. Kila wakitaka kuondoka, stata inazunguka tu inalia, injini haishiki.

"Wallahi, Mama Kadzo, mimi nimechoka," akasema. "Nataka ninunue stata mpya leo hii. Mumeo ndiye anayenikataza. Kila siku huniambia nisubiri, ataitengeneza."

Kafedha akaweka kikombe chini. Akaomba aione hiyo stata. Zamani, kabla Kadzo hajazaliwa, yeye ndiye aliyekuwa akimshikia Munga spana na kumwoshea vyuma kwa petroli. Mzee Obeid alichomoa waya za betri, naye akapanda botini akafungua kifuniko cha mashine. Kile kigia kidogo, ambacho stata ikizunguka hupanda juu kushika gurudumu la injini, kilikuwa kimezama kwenye grisi nzito, nyeusi kwa chumvi na mchanga. Juu yake palikuwa na grisi nyingine mpya, iliyopakwa bila uchoyo.

Ala! Munga huyu huyu ndiye aliyemfundisha kwamba shafti ya stata, kile chuma kinapopandia kigia, haipakwi grisi nzito, kwa sababu hushika uchafu na kigia kikagoma kupanda. Unaisafisha ikakauka, unatia tone la mafuta mepesi, basi. Kosa kama hilo hufanywa na mwanagenzi, na Munga si mwanagenzi.

Kumbe Bi Sheikha hakuwa akimwita. Munga alikuwa akijiita mwenyewe.

Ule wivu aliokuja nao ulikuwa mchezo wa watoto mbele ya huu. Mwanamke mchokozi ungemwendea ukamtukana, mkavutana mitandio, yakaisha. Huyu hakuwa na kosa lolote, na Kafedha alitamani mno awe nalo.

Aliomba petroli na mswaki mkuukuu, akasugua mpaka shafti ikang'aa na kigia kikapanda na kurudi bila kusita. Kisha akatoa kikapuni kikopo cha mafuta ya cherehani, akadondosha tone. Mzee Obeid akarudisha waya, akawasha. Mashine ikashika papo hapo. Bi Sheikha akamkumbatia kwa furaha, na udi wake ukabaki kwenye gauni la Kafedha siku nzima.

Nyumbani Kafedha alijitia hamnazo. Wiki ikakatika, ikafuata nyingine, simu kimya. Munga akawa anaitazama ile simu kama mtu anayengoja majibu ya hospitali. Chakula anakidonoa, wateja anawakaripia. Mwishowe akaoga, akanyoa, akaenda bila kuitwa.

Hakukawia kurudi. Akaketi barazani kando ya cherehani, shati lake likiwa bado safi.

"Ni wewe uliyeifungua ile stata?"

"Ni mimi."

Kafedha alingoja afokewe. Majibu alikuwa nayo, ameyanoa siku nyingi, na alitaka sana ugomvi. Munga hakufoka.

"Imepona, Baba Kadzo," akasema Kafedha. "Kwani wewe ulitaka nini?"

Munga alalamike nini, kwamba mashine inawaka? Akainamisha kichwa, mabega yakaanza kumtetemeka. Tangu waoane Kafedha hakuwahi kumwona akitoa chozi, hata siku alipomzika mamake. Leo alikuwa analia mbele ya mkewe, akimlilia mwanamke ambaye hata hajui kwamba analiliwa.