Ukaa wa Kukaa

Mama Dobi alipuliza majivu, akapitisha pasi ya mkaa kwenye shati la mwisho huku vumbi la saruji likimwagika kutoka darini. Dirisha la chumba chake lilikuwa limeng'olewa tangu Jumatatu. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amelala, amepika na kupiga pasi humohumo, na moshi ulikuwa umeacha doa jeusi ukutani, refu kama yeye.

Hakunung'unika. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutia sahihi fomu ya ukarabati, kisha akapita mlango kwa mlango kuwatoa majirani wasiwasi: "Jamani, hawabomoi! Wanakarabati tu, jengo lipunguze ukaa."

Siku ya mkutano wa wapangaji alikuwa amemuuliza mhandisi wa ukarabati, "Ukaa wa nini, baba? Wa kukaa?" Watu wakavunjika mbavu. Hata mhandisi alicheka mpaka akavua miwani. "Hapana, mama. Ni hewa chafu. Hata mkaa wako unaitoa."

Leo mhandisi huyohuyo alisimama mlangoni na kipimo cha hewa mkononi. Kipimo kikalia.

"Shikamoo, mama. Chumba hiki kinatuangusha."

"Marahaba. Si mlisema mtaniwekea umeme?"

"Umeme ni wa wapangaji wapya. Fomu uliyosaini inasema chanzo cha ukaa kiondolewe kwanza."

"Chanzo si pasi? Naitupa leo hii."

Mhandisi akaangalia karatasi yake. "Imeandikwa chumba, mama. Na aliyemo."

Mama Dobi alicheka peke yake, akidhani ni utani ule ule. Kisha akawaona majirani wamejipanga ukumbini, nao wameshika karatasi kama ile. Aibu ikamchoma kuliko uchungu.

"Si wewe uliyetuambia tusaini?" mmoja wao, fundi viatu, alimuuliza.

Miezi minne baadaye alikuwa akipiga pasi kando ya barabara, mkabala na jengo lile, sasa jeupe kama meno ya bandia. Mlinzi alimletea kitambaa kirefu cha uzinduzi, kimejikunja vibaya. Wageni walikuwa njiani na umeme ulikuwa umekatika.

"Fanya chapuchapu. Na usikitie majivu."

Alikinyoosha herufi moja moja: JENGO HILI HALINA UKAA. Akakitundika begani, akavuka hadi langoni.

"Ishia hapo hapo, mama," mlinzi alisema, akikipokea kwa ncha za vidole. "Halafu ondoa ile pasi yako. Moshi unaonekana."

Mama Dobi akarudi, akaibeba pasi ingali ya moto, akazunguka nayo akitafuta pa kuiweka.