Malkia Mwenye Doa la Buluu

Koleta hakuwa mtu wa kulialia. Lakini asubuhi ile alipoinua kifuniko cha mzinga wa kwanza, akamwona malkia anatembea kwenye sega akiwa na doa la rangi ya buluu mgongoni, alikaa chini kwenye majani makavu.

Nyuki wa vilima vya Nambilanje hawapakwi rangi na mtu. Ni weusi, wadogo, hasira zao ziko karibu, na malkia wao hujificha mpaka macho yakuume kwa kumtafuta. Huyu alikuwa mrefu, wa njano, anajipitisha kama bibi harusi. Na nyuki waliomzunguka, wengi wao walikuwa wa njano vilevile.

Alifungua mzinga wa pili: doa. Wa tatu: doa. Akaenda hivyo mpaka wa kumi na mbili. Walikuwa malkia wa kuletwa, wale wanaosafirishwa kutoka ng'ambo ndani ya vizimba vidogo vya ukubwa wa kiberiti, wakiwa wametiwa alama ili aliyewanunua awaone upesi. Kumwingiza malkia wa namna hiyo, lazima kwanza umkamate yule wa zamani umponde kwa vidole. Njia nyingine hakuna. Mtu alikuwa amewaponda malkia wake wote kumi na wawili.

Na asitokee wa kusema ni wadudu tu. Alipofariki baba yao, mzee Ildefonsi, kaka zake Koleta waligawana mikorosho mti kwa mti, mpaka ule uliokauka, naye wakamwachia nyuki huku wanacheka. Hao nyuki waliochekwa ndio walioezeka nyumba yake bati na kumsomesha mwanawe Fidelis mpaka chuo. Kiangazi kikikaza huhama, mvua zikinukia hurudi kwenye mizinga ileile. Siafu huwakwepa, na nyegere akiwajaribu mara moja harudii. Mzee alitumia miaka thelathini kuwatoa msituni kundi kwa kundi, akichagua. Wakipotea hao, hakuna duka la kwenda kuulizia wengine.

Alikuwa ameondoka wiki saba. Binti yake Faith, aliyeolewa Nachingwea mjini, alijifungua kwa kupasuliwa, na mama gani anamwacha mwanawe kabla ya arobaini? Mizinga aliiacha mikononi mwa Zulfa.

Zulfa ndiye aliyekuwa mshika moshi wake. Katika kikundi chao cha wafuga nyuki mzinga haufunguliwi na mtu mmoja. Mmoja hufungua, mwingine husimama nyuma yake na bomba la moshi, na yule anayefungua hageuki kumwangalia. Akigeuka, amemtukana mwenzake. Ni sawa na kumwambia sikuamini. Kwa miaka kumi na tisa Koleta hakugeuka hata siku moja. Huyu wa kanisani, yule wa msikitini, waliitana kwa majina ya wazaliwa wao wa kwanza, mama Fidelis na mama Rahimu. Idi walikula kwa Zulfa, Krismasi kwa Koleta. Watu waliwatania kwamba hata kugombana wanagombana kwa zamu.

Mwezi wa nne kikundi kilikaa kikao Chunyu. Mwenyekiti, Fransisko, alitaka malkia wa kuletwa. Ni wapole, alisema, asali yao nyingi, na mtu anavuna amevaa kandambili. Koleta akasimama. Akasema madume wa nyuki hao hawajui mpaka wa shamba la mtu. Wakisharuka, wamechanganya mbegu ya vilima vyote, na baada ya miaka michache hutampata nyuki mweusi hata kwa dawa. Akapendekeza kifungu: mzinga wowote utakaokutwa na malkia wa kuletwa utachomwa moto, uwe wa nani, uwe wa nani. Wa kwanza kunyoosha mkono kumuunga mkono alikuwa Zulfa. Kifungu kikapita kwa tofauti ya kura moja.

Sasa nani kafanya hivi? Akili ya Koleta ilikimbilia kwa Fransisko, na ilikimbia kwa makusudi, kwa sababu macho yalikuwa yameshaona jambo jingine. Mzinga wa saba una ufa, na usipoufungua kuanzia kushoto, sega linakatika. Sega halikuwa limekatika. Duniani kote watu wanaojua siri ya ule ufa ni wawili. Koleta aliliona hilo, akaamua hajaliona.

Jumamosi alipanda bodaboda mpaka Nachingwea, sokoni, ambako Fransisko huuza asali yake, akamvaa mbele ya wateja.

"Mnafiki wewe! Umeshindwa kwa kura, ukangoja niende kuuguza mtoto, ukaingia kwenye mizinga yangu kama kicheche! Huna haya?"

Wauza dagaa waliacha kuita wateja ili wasikie vizuri. Fransisko aliweka chupa yake chini taratibu.

"Mama Fidelis, hao malkia mimi nimewataka mbele za watu, na kwenye muhtasari imo. Jambo ninaloliomba hadharani, nikalifanye kwa kificho kwa nini? Tena kwako?"

"Nani basi, kama si wewe?"

"Mimi sikuwepo." Alimtazama kwa huruma, na ile huruma ilimuuma Koleta kuliko kama angemrudishia matusi. "Ila yule mtaalamu wa Dar, anayeleta hao malkia, alipita hapa na begi lake, akaniuliza njia ya Nambilanje. Alisema kuna mtu anamsubiri. Muulize mshika moshi wako, mama yangu."

Koleta hakuomba radhi. Alitafuta bodaboda nyingine, na mwendo wote ule wa vumbi hakukumbuka baadaye kwamba alipita wapi.

Alimkuta Zulfa uani akipepeta ufuta. Zulfa alimwona uso, akaweka ungo chini. Hata hakujaribu kudanganya. Angedanganya, pengine ingekuwa nafuu.

"Ni mimi, mama Fidelis."

"Wewe?"

"Mtaalamu alikuwa anatafuta pa kuwajaribia. Nikampeleka. Yeye alifungua, mimi nikashika moshi. Nilivaa mavazi mawili, moja juu ya jingine, huku natetemeka."

"Na wangu nani aliwaponda?"

Zulfa aliangalia vidole vyake. "Mimi. Alitaka kuwaponda yeye. Nikaona wasiuawe na mgeni."

Koleta alicheka, kicheko kibaya kilichowafanya kuku waondoke. "Umewaheshimu kweli! Nani alikutuma?"

"Sikutumwa. Mwezi wa pili, tulipovuna, nilichomwa na wawili tu. Unakumbuka niliaga mapema? Nilipofika nyumbani koo likaziba. Rahimu alinifikisha hospitali sauti haitoki. Daktari akaniambia nikichomwa tena naweza nisifike. Tangu siku hiyo moshi naushikia mbali. Hatua sita, hatua saba nyuma yako. Wewe hukugeuka."

"Sisi hatugeuki!"

"Ndiyo. Hatugeuki."

"Si ungeniambia!"

"Ningekuambia, ungesema pole sana mama Rahimu, pumzika nyumbani. Na wiki inayofuata ungekuwa umempata mwingine wa kusimama nyuma yako. Ungempata. Kwa ajili ya hao nyuki ungempata tu. Nikasema, wakiwa wapole nitabaki."

Koleta alitaka kukanusha, lakini lilikuwa kweli. Na kule kuwa kweli hakukumpunguzia hasira hata chembe, kulimwongezea. Alijiona ameibiwa, halafu anaonyeshwa kwamba mlango aliuacha wazi mwenyewe.

"Na ule mkono ulionyoosha Chunyu," alisema, "ulikuwa wa nini?"

"Ulikuwa unaniangalia," alijibu Zulfa.

Koleta aliitisha mkutano yeye mwenyewe. Jumapili baada ya misa wanakikundi walikaa kwenye darasa la shule pale Chunyu, magoti yamegusana na madawati ya watoto. Akasimama, akasema mizinga yake yote kumi na miwili ina malkia wa kuletwa, kifungu kinajulikana, anaomba watu wa kusaidia kuchoma. Hakumtaja aliyefanya. Hakujua kama anamsitiri, au anaona aibu watu wajue alilala mlango wazi kwa mtu wa aina ile.

Goreti, aliyepiga kura upande wake mwezi wa nne, alijifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Kisha Fransisko akasimama, na alichosema alikisema kwa nia njema kabisa. Hilo ndilo la kuchukiza: ilikuwa nia njema.

"Ndugu zangu, sheria tulijitungia sisi, hatukuishusha mbinguni. Leo tumchomee mama huyu mizinga kumi na miwili, ale nini? Mimi jana amenitukana sokoni, nanyi mmesikia, na bado nasema hapana. Tukifute hicho kifungu, mama abaki na mizinga yake."

"Msifute!" alisema Koleta. "Sijaomba huruma. Nimeomba mchome."

"Una uchungu, mama," alisema Goreti. "Acha tukusaidie."

"Wanaokubali kifungu kifutwe?" aliuliza Fransisko.

Mkono wa kwanza ulikuwa wa Zulfa. Safari hii hakumwangalia mtu. Ikafuata mingine, ya wale waliokuwa wakimpinga, na ya wale aliowahesabu kuwa ni ndugu zake katika jambo hili, mmoja baada ya mwingine, wote kwa kumpenda. Koleta aliutazama msitu ule wa mikono. Vilima vyote, kuanzia Chunyu hadi Nambilanje, vilikuwa vinagawiwa mbele yake kama zawadi, na jina lililoandikwa juu ya zawadi lilikuwa lake.

Wakampongeza! Goreti akamkumbatia. "Umepona, mama!" Karatasi ya wanaotaka malkia ilishaanza kupita, na kabla haijamaliza benchi la pili, mtu mmoja akapaza sauti kwamba shamba darasa liwe kwa mama Fidelis, kwani si ameshatangulia? Wengine wakapiga makofi. Koleta alitoka bila kuaga.

Kifungu walikuwa wamekifuta, lakini mizinga ilikuwa bado yake, na hakuna kura inayomzuia mtu kuchoma chake. Jioni ileile, jua likiwa bado halijazama na nyuki wakiwa wameanza kurudi kwa wingi, alipanda kilimani na matambara, nyasi kavu na chupa ya mafuta ya taa. Akaziba tundu la mzinga wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alijua haisaidii kitu. Ile karatasi imejaa majina. Mvua hizi au zinazofuata, vilima vitakuwa vya wale wa njano. Lakini wasitoke kwake. Katika yote aliyoachiwa na baba yake, hilo tu ndilo lililokuwa limebaki mkononi: wasitoke kwake. Alipofika kwenye mzinga wa kumi na moja alikuwa analia kwa sauti, kwa kuwa alidhani yuko peke yake.

"Mama Fidelis."

Zulfa alikuwa kwenye kijia, hana vazi la nyuki wala kofia ya wavu. Alikuwa na kanga zake tu, na tambara mkononi.

"Nimekuja tusaidiane."

"Rudi nyumbani."

"Nimelifanya mimi, niache nilimalize na wewe."

"Hakuna mimi na wewe. Rudi."

Zulfa akasogea hatua moja. Mzinga wa mwisho ulikuwa haujazibwa, na harufu ya mafuta ya taa ilishawafikia waliokuwemo. Upole wao uliishia hapo. Walianza kumiminika nje wakivuma, wakazunguka kichwa cha Koleta, wengine wakashika njia ya kijiani.

"Kaa huko huko!" Koleta alipiga kelele mpaka sauti ikapasuka. "Usisogee! Nasema usisogee, kimbia!"

Zulfa alisita, akarudi nyuma hatua tatu, akajifunika kanga kichwani. Halafu akageuka, akakimbia. Koleta alibaki ananyoosha shingo, akizihesabu hatua zake mpaka zilipokwisha kusikika, na alipojikuta anazihesabu alikasirika upya. Alimchukia yule mwanamke kwa moyo wake wote. Na aliogopa asije akawa amechomwa.

Nyuki wawili walikuwa wamemchoma shavuni. Hakuwatoa miiba. Alimwaga mafuta yaliyobaki, akawasha kiberiti.