Wodi Iliyochorwa na Aluel

Aluel alipoajiriwa kuchora ramani za majengo, bosi Kiprop alimwondoa Akiru kwenye meza ya chini ya feni, akampa mgeni. Akiru akameza uchungu. Lakini ramani ya wodi ya kina mama ya Kakuma, kazi aliyoahidiwa yeye tangu mwaka uliopita, nayo ilipokwenda kwa Aluel, moyo ulimchoma.

"Mtazameni Aluel," Kiprop alipenda kusema pale ofisini Lodwar. "Amekulia kambini Kakuma, lakini mkono wake! Wewe Akiru unachora kama mtu anayefukuzwa."

Basi Akiru akawa hamtazami mwenzake usoni. Hata kicheko chake kilimkera.

Mchana mmoja akamsikia Aluel akibishana na bosi.

"Baraza likiangalia magharibi, kina mama wataungua na jua la alasiri."

"Nataka lionekane kutoka barabarani. Chora!"

Aluel akachora.

Siku ya kuwaonyesha wakazi wa kambi ramani, wote watatu walikwenda Kakuma. Mama mmoja mjamzito akaikazia macho, kisha akauliza, "Na jua la alasiri tutalikimbilia wapi?"

Kiprop hakupepesa macho. "Hilo ni kosa la huyu msichana. Bado anajifunza."

Aluel akainama. Akiru akasikia raha ikimpanda kifuani, raha aliyoingoja miezi mingi. Akinyamaza tu, Aluel kwisha. Ila yule mama akasonya, akamgeuzia Aluel mgongo, na Akiru akashtukia anasema:

"Si kweli, bosi. Alikukataza. Nilisikia kwa masikio yangu."

Hapo kina mama wakataka Aluel mwenyewe awaeleze. Akawaeleza, Kidinka hapa, Kiswahili pale, wakamzunguka, wakamshika mikono. Akiru akabaki kando na bosi asiyemsemesha.

Waliporudi Lodwar, Akiru alipewa ramani za vyoo. Kiprop hakumsalimu tena. Aluel, ambaye sasa kina mama walimtaka yeye tu, akamletea ramani mpya.

"Dada, niangalizie. Bila wewe ningefukuzwa."

"Iache hapo," Akiru akajibu bila kuinua kichwa.

Aluel alipotoka, Akiru akaikunjua. Baraza lilikuwa limegeuzwa mashariki, limeuzunguka ua mdogo wenye kivuli. Yeye asingeliwaza hilo. Akatafuta kosa kona hadi kona, asilione. Akaikunja taratibu, akarudia vyoo vyake.