Sauti ya Lori la Majani Chai

Drusilla alitaka kuwa mtangazaji wa mbio. Ndiyo nafasi aliyoiomba, na ndiyo aliyoifanyia mazoezi jikoni kwake tangu Avni alipompigia simu kumwambia kwamba ile filamu ya katuni ya magari yanayoshindana milimani itakuwa na sehemu ya pili. Sehemu ya kwanza watoto waliitazama hadi wakaijua neno kwa neno. Safari hii, Avni alisema, wachoraji walitaka na sauti za watu wa huku Kisii, zisiwe za Nairobi peke yake.

Avni alikuwa binti wa Padma, muuza vitambaa wa mjini Kisii. Alisoma na Drusilla sekondari, kisha akaenda Nairobi kufanya kazi na hao wachoraji wa katuni. Jumamosi hiyo alikuwa amerudi nyumbani na vinasa sauti, akageuza ghala la ghorofani, juu ya duka la mama yake, kuwa studio. Majora ya vitambaa yaliyopangwa hadi darini yalimeza kelele zote za barabarani.

Drusilla naye alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya Nyamira, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Harusi nyingi za Nyamira hadi Keroka zilimwalika ashike kipaza sauti. Darasani wanafunzi walimwogopa. Aliyesoma "mbere" badala ya "mbele", au "kubika" badala ya "kufika", alisimama akalirudia neno mpaka wenzake wachoke kumcheka.

Alisoma maneno ya mtangazaji bila kujikwaa hata mara moja. Avni alimsikiliza hadi mwisho, akamtazama Abhishek, kijana wa mitambo, kisha akasema kwa upole kwamba amesoma vizuri mno, kama taarifa ya habari, nao walikuwa wanatafuta mtu wa kuwasha moto. Drusilla alitabasamu huku akihisi masikio yanamchoma. Tayari alikuwa amewaambia walimu wenzake kwamba atasikika kwenye filamu.

Ndipo Avni akamweleza kwamba kuna mhusika mwingine. Ni lori kuukuu la majani chai linaloingia mashindano kwa bahati mbaya na kuachwa nyuma na kila gari. Halina maneno mengi. Je, angeweza kujaribu?

Drusilla hakufikiri sana. Alishika goti, akavuta pumzi kama mtu anayepanda mlima na kikapu mgongoni, akasema, "Tangulieni mbere. Mimi nitabika tu."

Abhishek alicheka hadi akavua vile vidude vya masikioni. Avni akamwomba arudie. Akarudia. Mara ya tatu akaongeza mguno mdogo katikati, ule ambao hutoka goti linapokataa, na hapo Avni akapiga makofi akasema huyu ndiye, huyu ndiye hasa, akauliza ameitoa wapi sauti kama hiyo.

Drusilla alikuwa anafungua kinywa kujibu alipoona kwamba Abhishek hacheki tena. Akageuka.

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, kati ya majora mawili ya kitambaa cha sare za shule, kikombe cha chai mkononi. Jina lake Gesare. Asubuhi hiyo alikuwa ametoka Gesima kuja kuonwa goti hospitalini, na Drusilla alimwacha chini dukani na Padma amsubiri kidogo. Padma, ambaye alimjua tangu siku alizokuwa akija kununua kitambaa cha sare ya bintiye, aliona si haki mama akae chini wakati mtoto wake anaingia kwenye filamu. Akamshika mkono, wakapanda ngazi polepole. Padma alikuwa amefika akicheka pamoja na wengine, mpaka alipomtazama mgeni wake usoni.

Kwa maana sauti ile ilikuwa ya Gesare. Si lafudhi peke yake. Hata maneno yalikuwa yake: ndivyo alivyowaambia wanawake wenzake kila walipopanda kwenda kituo cha kununulia chai, goti likimsumbua, na alipenda kuyasema kwa Kiswahili ili karani wa kituo, mgeni asiyejua Ekegusii, naye aelewe akiwaona wanakuja.

"Umemaliza?" Gesare aliuliza kwa Ekegusii. "Tutakuta foleni."

Akaweka kikombe juu ya meza ya mitambo, akamshukuru Padma kwa kuinamisha kichwa, akaanza kushuka ngazi.

Njia nzima ya kwenda hospitalini Drusilla alitafuta neno la kuanzia asilipate. Yeye aliyewafundisha watu kunena alitembea nyuma ya mama yake kama mwizi anayesindikizwa. Alijiambia kwamba labda hakusikia vizuri. Alijiambia kwamba ni mchezo tu, sauti ya gari la kuchora. Kila alichojiambia kilimwaibisha zaidi ya kilichotangulia.

Daktari alikuwa kijana kutoka pwani, mchangamfu. Akamwamkia Gesare shikamoo, akamuuliza goti lilianza lini kumuuma. Siku zote Gesare alijisemea mwenyewe mbele ya madaktari, tena alijivunia jambo hilo. Kiswahili alikuwa amejifunza sokoni akiuza mboga, na hakuna ofisi iliyomtisha. Safari hii alitazama mikono yake mapajani, akamgeukia bintiye.

"Mwambie wewe," alisema kwa Ekegusii. "Wewe ndiwe unayejua kusema."

Drusilla akasema. Alitafsiri maumivu ya mama yake kwa Kiswahili safi, kila ngeli mahali pake, na sauti yake ikawa inamkera masikioni. Daktari akamsifu kwa ufasaha. Angepewa nafasi ya kuzama ardhini angezama.

Jioni hiyo Avni alimwandikia kwamba waongozaji wameipenda sauti, nafasi ni yake. Hakujibu. Siku zikapita, walimu wenzake wakimuuliza habari za filamu naye akiwakwepa, hadi akajikaza akampigia Avni na kumwambia kwamba hataki, na sauti ile isitumike. Avni akasema anaelewa, kwamba yeye mwenyewe hakulala vizuri usiku ule, na kwamba watamtafuta mwigizaji mwingine. Wakampata Nairobi. Lakini huyo mwigizaji alipewa rekodi ya Drusilla asikilize, ili ajue wanachokitaka, akaiga kila kitu, hata mguno. Drusilla hakulijua hilo mpaka kionjo cha filamu kilipotoka. Wakati huo kilikuwa tayari kwenye kila simu.

Darasani, siku moja, alimtuma mwanafunzi mmoja, Nyanchera, akalete chaki, na mvulana aitwaye Bosire akasema kutoka nyuma, "Tangulieni mbere." Darasa zima likaangua kicheko. Wakamtazama mwalimu wakingoja adhabu, maana neno lenyewe lilikuwa limeharibiwa. Hakuadhibu mtu. Aligeukia ubao akabaki amewapa wanafunzi mgongo mpaka Nyanchera akarudi.

Jumamosi akaenda Gesima. Alimkuta mama yake shambani, vazi la plastiki kiunoni, akichuma. Akachukua kikapu cha ziada akaingia mstari wa pili. Walichuma muda mrefu, kila mmoja mstari wake. Hatimaye Drusilla akasema, kwa lugha ya nyumbani, kwamba alikosa, kwamba alitaka kupendwa na watu wa filamu akamuuza mama yake, na kwamba alijaribu kuizuia sauti ile isitumike ikamshinda.

Mikono ya Gesare haikusimama.

"Watoto wa huku pia wanalisema lile neno," alijibu. "Kituoni, nikipita. Hawajui ni langu. Wananisalimia kwanza, kisha wanalisema."

"Mama, nisamehe."

"Nilijua Kiswahili changu si kizuri," Gesare akasema. "Sikujua kinachekesha."

Machozi yalimshuka Drusilla, naye hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na utomvu wa majani, au ndivyo alivyojiambia.

Kisha mama yake akasema, "Nimesikia ulichosema." Hakusema amesamehe. Akamwonyesha kwa kidevu vichipukizi alivyoviruka kwenye mstari wake, akamwambia achume majani mawili na kichipukizi, asiwe anabeba na yaliyokomaa, karani atayakataa.

Drusilla akarudi nyuma kwenye michai aliyoiruka, akainama, akaanza upya.