Bwana Harusi Atafuna Mpira wa Baba

Kila asubuhi ilikuwa hivyo hivyo. Mimi nachemsha mchaichai jikoni, baba anafunga mlango wa chumba chake, anafungulia redio kwa sauti kubwa, anamwaga mkojo wa mfuko wake kwenye ndoo, na sote wawili tunajifanya hatujui redio inafunika nini. Akiizima, naingia na chai na mkate wa nazi.

Jumamosi ya Pasaka redio ilikuwa bado inasoma matangazo ya vifo vya Tobago nzima nilipomsikia akipiga kelele. Hakuwa akiniita mimi. Alikuwa akimtukana mbuzi.

Bwana Harusi, mbuzi wetu wa mashindano, alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma kama kawaida yake. Hapa kijijini Buccoo mbuzi wa mbio hulelewa kama kitinda mimba: anapigwa brashi, anapelekwa kuogelea baharini, na hakuna chumba anachokatazwa. Alikuta ule mpira wa plastiki unaopeleka mkojo wa baba mfukoni unaning'inia kando ya kitanda, akaonelea autafune.

"Onika," baba aliita baadaye, kwa sauti ya mtu asiye na haraka yoyote. "Lete kitambaa. Kiache mlangoni."

"Baba, maji yanapita chini ya mlango."

"Hayo si maji."

Nesi Gittens, anayekuja kumbadilishia baba mipira, asingekuja mpaka sikukuu ipite. Nikasema naingia, baba akasema nisithubutu. Nikaingia nimefumba macho, mikono mbele kama mtu anayetafuta swichi gizani, na hatua zangu chache zikaishia juu ya mbuzi. Tulianguka pamoja, mimi nimemkumbatia shingo.

 Baba akacheka, akacheka mpaka akashika kiuno, maana ugonjwa umeshafika kwenye mifupa na kicheko kinamuuma.

"Fumbua macho, mwanangu. Utaniulia mbuzi bure."

Nikafumbua. Nilinawa mikono, nikaukunja mpira unaotoka mwilini mwake ili usivuje, nikaifuta ncha yake kwa spiriti, nikachomeka mfuko mdogo wa mchana na kuufunga mguuni kwa mikanda, chini ya goti. Muda wote huo baba alitazama dari na kunisimulia habari za mbuzi aliyekuwa akimkimbiza mashindanoni enzi za ujana wake, ambaye alisimama katikati ya mbio akala kofia ya mke wa mchungaji. Kisa hicho nakijua tangu utotoni. Nilimuuliza maswali kama nakisikia kwa mara ya kwanza.

Nilikuwa nimerudi kutoka Port of Spain, kule Trinidadi ninakofanya kazi, mwezi wa pili, baada ya daktari kutueleza kwamba saratani hii ya tezi dume imesambaa. Dawa zitaipunguzia kasi tu, hazitaiponya. Tulitoka pale tukanunua mkate, na hatukuizungumzia tena. Nilimwambia baba kwamba nimechukua likizo nimsaidie kumfundisha mbuzi mpaka mashindano ya Jumanne ya Pasaka. Ndivyo nilivyoweza kusema. Naye tangu hapo, karibu kila siku, alinikumbusha kwa upole ratiba ya meli ya kurudi Trinidadi. Nilipika, nilifua, nilimkimbiza mbuzi ufukweni, na nikazidi kuogopa Jumanne, kwa sababu baada yake sikuwa na kisingizio cha kubaki.

Jumanne yenyewe ilipofika, baba akagoma kwenda. Akasema jua ni kali. Alikuja Mzee Boysie Trim, aliyekuwa akikimbiza mbuzi pamoja naye ujanani, akamwambia kwamba Bwana Harusi asipomwona mwenyewe pale kwenye mstari wa kuanzia atadhani ameletwa kutembea. Baba akarudia habari ya jua.

"Jua au mfuko?" Mzee Boysie akauliza.

Baba akaushusha mguu wa suruali yake.

"Ellsworth, kijiji kizima kinajua. Jirani yako Merle alitutangazia hata kabla hujatoka hospitali. Sasa mpaka mbuzi amejua. Unamficha nani tena?"

 Baba akaniambia nimpigie pasi suruali yake nyeupe. Nikashauri ile ya bluu, ikitokea chochote isionyeshe. Akasema mwenye mbuzi huvaa nyeupe, na mazungumzo yakaishia hapo.

Alimwongoza Bwana Harusi mwenyewe kwenye maandamano ya kufungua mashindano, polepole, huku watu wakimtania kwamba mbuzi amenenepa kuliko yeye. Kerwin, kijana wetu wa kukimbiza, alishika kamba akakimbia peku nyuma ya mbuzi kama anayedaiwa. Tulikuwa wa pili mpaka karibu na mwisho, Bwana Harusi alipoamua kwenda kumsalimia mwanamke muuza karanga kwenye uzio. Tukamaliza wa mwisho. Baba alifurahi kama tulioshinda kikombe.

Kisha akanivuta mkono. Mfuko ulikuwa umejaa, na mgongo haukumruhusu kuinama. Tulikwenda nyuma ya mabanda ya mbuzi. Nilichuchumaa, nikakunja suruali, nikafungua kibomba kilicho chini ya mfuko, na mkojo ukamwagika majanini. Baba aliniegemea begani huku akitazama mbio zilizofuata na kunitangazia nani anaongoza.

"Haya," akasema mbio zilipokwisha. "Mbuzi ameshakimbia. Umenisaidia vya kutosha, mama. Kesho usiikose meli."

Nilifunga kibomba. Nilishusha suruali yake, nikaipangusa vumbi, nikaendelea kuipangusa hata pasipokuwa na vumbi. Sikuweza kuinua uso, kwa hiyo niliyaambia magoti yake.

"Sikuja kwa ajili ya mbuzi, Baba. Najua unakufa. Nimekuja kukaa na wewe mpaka mwisho, na sitaki unifukuze tena."